Mwongozo kamili: siku nzima kwa baiskeli kwenye barabara ya pwani yenye milima

Ukimwambia mtu unaenda kuendesha barabara ya pwani anafikiria tambarare, manake bahari iko usawa mmoja basi na barabara nayo itakuwa hivyo hivyo. Sivyo kabisa. Pale ambapo milima inaingia moja kwa moja baharini, waliojenga barabara walilazimika kuipandisha juu ya kila rasi, halafu kuishusha kila mto unapomwagika ili wapate pa kuweka daraja. Kwa hiyo unatoka mita 20 juu ya bahari, unapanda hadi 150, unashuka tena mpaka 15, unavuka daraja, unaanza upya, na hivyo hivyo mpaka jioni. Hakuna mlima hata mmoja wa kutisha lakini ukijumlisha vyote umepanda mlima mrefu sana bila kufika kilele chochote.

Ndo maana nasema siku ya namna hii pima kwanza mita za kupanda, pili upepo, halafu kilomita zije mwisho. Mtu anayepanga kwa kilomita peke yake atafika saa nane mchana miguu imekwisha na bado ana theluthi ya safari mbele yake.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya mwinuko

Chora njia yako kwenye programu yoyote ya ramani inayoonyesha miinuko, utaona jumla ya mita za kupanda. Sasa fanya hesabu. Chukua wewe, baiskeli, maji na mabegi vyote pamoja ni kilo 100. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi kiasi anaweza kusukuma wati 120 hadi 150 kwa masaa mengi bila kujiua. Kuinua kilo 100 mita 1,000 juu kwa wati 150 inachukua karibu saa moja na dakika 50, na kwa wati 120 ni kama saa mbili na robo. Huo ni muda wa kupambana na mwinuko tu, bado msuguano wa tairi na upepo. Na usijidanganye kwamba utarudishiwa zote wakati wa kushuka, kwa sababu kwenye kona kali sehemu kubwa ya ile nguvu unaichoma kwenye breki.

Kwa mtu mwenye mazoezi, kilomita 80 zenye mita 1,200 za kupanda ni siku kamili, masaa matano hadi saba juu ya siti ukiacha mapumziko. Kama ndo mara ya kwanza chukua kilomita 50 na mita 700 hivi, utaifurahia zaidi kuliko kujilazimisha.

Kitu kimoja cha kuangalia: programu nyingi zinachukua urefu wa ardhi na sio wa barabara yenyewe, kwa hiyo penye handaki zinakuhesabia umepanda mlima wote, na penye daraja refu zinakuhesabia umeshuka mpaka chini ya bonde ukapanda tena. Ukiona mchoro una mnara mwembamba kama sindano katikati ya njia, pavute karibu uone, mara nyingi ni handaki.

Angalia pia vipande vikali. Asilimia 5 maana yake kila mita 100 unapanda mita 5, hiyo inaendesheka siku nzima. Asilimia 8 inauma. Ikifika 10 na kuendelea ukiwa na mizigo, panga kabisa kwamba hapo utaenda polepole sana, na ikibidi utashuka ukokote.

Hatua ya pili: chagua upande wa kuelekea

Watu wengi hawafikirii hii kabisa wakati inabadilisha siku nzima. Maswali ni mawili, upepo mkuu unatoka wapi, na kwa sheria za barabarani za nchi hiyo utakuwa upande wa bahari au wa mlima.

Kule California kwenye barabara namba 1, waendesha baiskeli karibu wote wanatoka kaskazini kwenda kusini. Kiangazi upepo unatoka kaskazini magharibi kwa hiyo unakusukuma mgongoni, na kwa vile Marekani wanaendesha kulia, ukienda kusini bahari inakuwa upande wako. Kwenye nchi za kuendesha kushoto unageuza: Great Ocean Road ya Australia, ile iliyojengwa na wanajeshi waliorudi vitani kati ya 1919 na 1932, ukianzia Torquay kuelekea magharibi bahari iko kushoto kwako. Chapman's Peak karibu na Cape Town, kilomita 9 tu lakini kona 114, ukitoka Noordhoek kwenda Hout Bay ni hivyo hivyo.

Kuwa upande wa bahari sio suala la kuona vizuri tu. Sehemu za kusimama kuangalia mandhari karibu zote zinajengwa upande huo, kwa hiyo unaingia na kutoka bila kukatiza magari. Ubaya wake ni kwamba ukingo uko karibu, na mtu anayeogopa urefu atajisikia vibaya, huyo nitamwambia aende upande wa mlima na asione aibu. Ila upepo na upande vikigongana, mimi nachagua upepo. Masaa sita ya upepo usoni hakuna mandhari yanayoyalipia.

Hatua ya tatu: baiskeli

Huhitaji baiskeli ya bei mbaya, unahitaji gia nyepesi. Hapa ndo watu wanateseka bure. Tuseme gia yako ndogo kabisa ya mbele ina meno 34 na kubwa kabisa ya nyuma ina 28. Ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika unaenda karibu kilomita 10.7 kwa saa, na kwenye mwinuko wa asilimia 8 hiyo inadai wati zaidi ya 200, haiwezekani siku nzima. Badilisha iwe 30 mbele na 34 nyuma, mzunguko ule ule wa miguu unakupa kilomita 7.8 kwa saa, na wati za kupambana na mwinuko zinashuka mpaka kama 170. Mlima ni ule ule, mguu ni ule ule, magoti yanafika salama. Kabla hujanunua kitu kingine chochote mpelekee fundi akuwekee seti ya nyuma yenye meno mengi, ila mwambie aangalie kama deriala yako (kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine) inaweza kuibeba.

Breki zikaguliwe siku mbili kabla, sio asubuhi ya safari. Angalia unene wa pedi, kamata mkono wa breki kwa nguvu uone kama unagusa usukani, ukigusa kaza waya. Kama ni za mafuta na mkono unabonyea kama sponji, fundi azitoe hewa.

Tairi pana kiasi, milimita 32 hadi 40, maana kwenye barabara hizi pembeni kuna kokoto na vipande vya miamba vinavyodondoka. Usijaze upepo mpaka tairi iwe jiwe. Mtu wa kilo 75 hivi na mzigo kidogo kwenye tairi ya 35, psi (kipimo cha presha ya upepo) 50 mbele na 55 nyuma inatosha, inashika lami vizuri kwenye kona.

Mizigo iwe chini na karibu na baiskeli. Begi refu la mgongoni sahau, linatoa jasho, linaumiza mabega na upepo wa pembeni unalipenda. Kwa siku moja unahitaji: tyubu mbili, vibandiko, vijiti vya kutolea tairi, pampu, kifaa chenye funguo na cha kukatia cheni, koti jepesi la upepo, taa mbele na nyuma, losheni ya jua, dawa ndogo za vidonda, simu iliyojaa chaji. Taa ya nyuma iwake mchana kutwa, ya kumetameta. Kioo kidogo cha usukani pia nakipigia kura, nitaeleza chini.

Hatua ya nne: uliza kama barabara ipo

Sitanii. Barabara za pwani zenye miamba zinaporomoka. Hiyo ya California, Mei 2017 mlima ulishuka sehemu inaitwa Mud Creek ukafunika barabara, na haikufunguliwa mpaka Julai 2018. Januari 2021 mvua ikabeba kipande kizima cha barabara pale Rat Creek kikaenda baharini, wakamaliza kuirudisha Aprili mwaka huo. Sehemu kama hizi huwa hamna njia mbadala, upande mmoja mlima upande wa pili maji, ukikuta imefungwa unarudi ulikotoka. Kwa hiyo usiku wa kabla ingia kwenye taarifa za mamlaka ya barabara za huko, na asubuhi ingia tena. Kama mvua kubwa imepita siku za karibuni mimi naahirisha, manake mawe huendelea kudondoka hata baada ya jua kutoka.

Hapo hapo weka alama sehemu zote za maji na chakula, na andika umbali kati yake. Ukiona pengo la kilomita 40 bila bomba wala duka ujue utabeba lita mbili hadi tatu. Weka pia alama sehemu moja au mbili unazoweza kukatisha safari, penye basi au mtu wa kukufuata na gari. Mtandao wa simu kwenye makorongo hayo huwa unapotea, kwa hiyo ramani ipakue kabisa kwenye simu, na mtu nyumbani ajue njia na saa unayotarajia kufika.

Hatua ya tano: toka mapema

Mapema maana yake mwanga ukipatikana tu. Sababu ni fizikia ya pwani yenyewe. Jua likichomoza nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, hewa ya juu ya ardhi inapanda, na hewa baridi ya baharini inaingia kujaza nafasi. Huo ndo upepo wa bahari, unaanza kuamka asubuhi ikishaiva na unafika kilele alasiri. Alfajiri kumetulia, au kuna upepo mwepesi unaotoka nchi kavu. Masaa yako matatu ya kwanza ni ya thamani kuliko mengine yote ya siku, magari machache na hewa imelala. Vipande vigumu zaidi jaribu vidondokee hapo.

Pwani zenye mkondo wa maji baridi zina kitu kingine, ukungu wa asubuhi. Ukiwa mzito kiasi kwamba huoni kona inayofuata, subiri. Dereva naye haoni.

Kula kabla ya kutoka, wanga wa kutosha na mafuta kidogo, halafu kuanzia nusu saa ya kwanza endelea kula kidogo kidogo, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ni kama gramu 25, kipande cha mkate kama 15. Usingoje njaa, njaa ikishafika kwenye mlima umechelewa, mwili unazima ghafla na inachukua muda mrefu kurudi. Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa, jua likiwa kali zaidi ya hapo, na tia chumvi kidogo au vidonge vya chumvi kwenye chupa moja. Kunywa maji matupu mengi kupita kiasi nayo ni hatari, inapunguza chumvi kwenye damu.

Hatua ya sita: kupanda

Saa ya kwanza endesha polepole kuliko unavyotaka. Kipimo ni mdomo, kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi umezidisha. Wengine watakupita, waache.

Sehemu inayonoga ni ile ya chini ya bonde, kwenye daraja. Unashuka kwa kasi, unaona daraja, na ng'ambo yake barabara inainuka tena. Ukibaki na gia nzito ya kushukia utafika kwenye mwinuko kasi imeisha, unajaribu kubadilisha huku umekandamiza pedali kwa nguvu zote, cheni inalia, inaruka, saa ingine inakatika. Fanya hivi: ukiwa bado juu ya daraja na kasi bado ipo, zungusha miguu kwa wepesi, shusha gia mbili au tatu za nyuma. Mwinuko ukianza kukushika shusha moja moja kabla hujaona uzito. Gia ya mbele ishushe mapema, ukiwa bado hujakandamiza. Ukishazoea utabebwa na ile kasi mpaka karibu theluthi ya mlima unaofuata ukiwa mfupi, na siku nzima ya hivyo ni nguvu nyingi sana umeziokoa.

Kaa kwenye siti, mikono ilegee, mizunguko 70 hadi 80 kwa dakika. Kila dakika chache simama kwenye pedali sekunde 20 hivi mgongo na makalio vipumue, halafu kaa tena. Ukifika kasi ya kilomita 5 kwa saa na baiskeli inayumba, shuka ukokote, kasi ni karibu ile ile na misuli tofauti inafanya kazi.

Hatua ya saba: kushuka

Vaa koti juu, kabla ya kushuka, sio katikati ukishaanza kutetemeka. Jasho na upepo wa kilomita 45 kwa saa vinakupooza vidole, na vidole ndo breki zako.

Punguza mwendo kabla ya kona ukiwa bado umenyooka, ukiingia kwenye kona breki ziwe zimeachiwa au karibu. Breki ya mbele ndo inafanya kazi kubwa, usiiogope, ila ikaze taratibu na uzito wa mwili urudi nyuma kidogo. Kwenye mteremko mrefu usikamate breki mfululizo, rimu au diski zinachemka na breki zinapungua nguvu. Kamata kwa nguvu sekunde chache, achia zipoe, kamata tena. Pedali ya upande wa nje ya kona iwe chini na uikanyage, macho yaangalie pale unapotaka kutokea, sio kwenye ukingo. Baiskeli inafuata macho, ukikodolea korongo unaelekea korongoni.

Kwenye kilomita 50 kwa saa unapita karibu mita 14 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka halafu ukafunga breki vizuri kwenye lami kavu, umeshatumia zaidi ya mita 30 kabla ya kusimama. Sasa angalia kona iliyo mbele yako, unaona mita ngapi? Kama ni 20, punguza. Nyuma ya kona ya pwani kunaweza kuwa na jiwe, mchanga ulioletwa na mvua, au gari lililosimama mtu anapiga picha.

Hatua ya nane: magari, madaraja na mahandaki

Dereva wa barabara hii anaangalia bahari. Lichukulie hilo kama hali ya kudumu. Endesha kama mita moja kutoka ukingo, usijibanze kwenye kokoto, kwa sababu ukijibanza wanakupita kwa kujipenyeza na wewe huna pa kukwepea. Penye daraja jembamba, handaki au kona isiyoonekana mbele, angalia kioo, onyesha mkono, chukua katikati ya njia yako mpaka upite. Halafu ukiona magari matano yamepangana nyuma yako ingia kwenye sehemu ya kusimama uwapitishe. Ule ustaarabu mdogo unawatuliza, na anayefuata baada yako anafaidika.

Lori au basi kubwa likikupita linakusukuma nje kwanza halafu linakuvuta ndani. Shika usukani imara ila mikono isikakamae. Kwenye madaraja angalia maungio ya chuma, yavuke kwa kunyooka, na yakiwa na umande usikate kona wala breki juu yake. Ukikaribia handaki vua miwani ya jua kabla hujaingia, macho yanahitaji sekunde kadhaa kuzoea giza.

Hatua ya tisa: upepo wa mchana

Kipande cha hatari kuliko vyote ni pale barabara inapotoka kwenye ukuta wa mlima na kuzunguka pua ya rasi. Dakika tano umekaa kwenye kivuli cha upepo, kumetulia kabisa, unaegemea kawaida, halafu ukuta unaisha na upepo wote wa bahari unakupiga ubavuni kwa pigo moja, gurudumu la mbele linasogea nusu mita kabla hujafikiria. Kule California ukivuka daraja la Bixby, lile la mwaka 1932, ukielekea kusini unapanda mpaka sehemu inaitwa Hurricane Point, na jina halikutolewa bure. Dalili zipo ukizitafuta: nyasi na vichaka pale mbele vimelala upande mmoja, ndege wanaelea bila kupiga mbawa, povu jeupe limejaa baharini. Ukiziona, kabla ya kufika kwenye pua punguza mwendo, shusha mwili, hakikisha hakuna gari linalokupita muda huo huo (ndo kazi ya kioo), na jipe nafasi pande zote. Kama unasukumwa mpaka unaingia njia ya magari, shuka na utembee upande wa ndani.

Upepo ukiwa usoni usishindane nao. Nguvu ya kuukabili inapanda haraka sana kadri unavyoongeza kasi, kwa hiyo kupunguza kilomita tatu tu kwa saa kunakurudishia pumzi. Mkiwa wawili au zaidi pokezaneni mbele kila dakika chache, ila kwenye mteremko na pua za rasi achaneni nafasi.

Hatua ya kumi: simama

Simama kila saa na nusu hivi, dakika kumi, kwenye kilele na sio bondeni, ili mwili uliopoa uanze na mteremko. Paka losheni tena, hasa masikio, nyuma ya shingo na mikono. Na angalia bahari ukiwa umesimama, uangalie kweli, ndo ulichokuja kufanya.

Pia jipangie saa ya kuamua. Kabla hujatoka sema, kama saa saba mchana sijafika sehemu fulani nakatisha. Ukiacha uamuzi mpaka uchoke, utaamua vibaya.

Hatua ya kumi na moja: ukifika

Kula na kunywa ndani ya saa moja, wanga pamoja na protini. Baiskeli usiiache na chumvi usiku kucha. Hewa ya bahari inaacha chumvi kwenye cheni, bolti na waya, na asubuhi utaona wekundu wa kutu. Imwagie maji ya kawaida ya bomba, bila presha kwenye mabearingi, ikaushe kwa kitambaa, cheni itie mafuta tone kwa tone kila kiungo halafu futa yaliyozidi. Angalia pedi za breki tena, siku moja ya miteremko mirefu, hasa yenye mvua na mchanga, inaweza kuzila kuliko wiki nyingi za mjini. Pitisha kidole taratibu kwenye tairi zote mbili utoe vijiwe na vipande vya vioo vilivyojichomeka, manake hivyo ndo pancha ya kesho.